Mtaalamu asiyemhoji mtoto: tathmini ya huduma ya tiba kwa michezo Kigoma mjini

Kituo ninachokitathmini hapa hutoa tiba kwa michezo kwa watoto wa miaka 3 hadi 10 katika nyumba ya kawaida upande wa Mwanga. Sababu kubwa ya kukipendekeza kwa wazazi wenzangu wa Kigoma na Ujiji ni moja: mtaalamu wake mkuu amechagua mkabala mmoja wa tiba, anaufahamu kwa kina, na anaushikilia hata pale ambapo mzazi, bibi, mwalimu wa darasa au uongozi wa kituo chenyewe wangependa afanye vingine. Kituo kina kasoro, nami nitazieleza, kwa kuwa baadhi yake zinagusa jambo hilohilo ninalolisifu. Jina la kituo na la mtaalamu silitaji kwa sababu mji wetu ni mdogo na mtoto niliyempeleka ana haki ya kutotambulika. Anayehitaji huduma anaweza kuulizia kwa maofisa ustawi wa jamii wa manispaa, ambao wanakifahamu.

Mtoto mwenyewe ni binti wa kaka yangu, ana miaka 6, na baada ya kufiwa na mama yake aliendelea kuzungumza nyumbani lakini shuleni akawa hatoi sauti kabisa, hata kuitikia jina lake wakati wa mahudhurio. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninashughulikia malezi na unasihi shuleni kwetu, kwa hiyo nilikwenda pale nikiwa na maswali ya mlezi na pia maswali ya mtu ambaye kazi yake inakaribiana na ile. Kikao cha kwanza kilikuwa cha walezi peke yetu, bila mtoto, na ndani yake niliambiwa maneno ambayo sikuyazoea kuyasikia kwa watoa huduma: "Shangazi, chumbani mle sitamuuliza habari za mama yake, sitamfundisha kuongea, wala sitampa kazi ya kufanya. Yeye ndiye atakayeongoza na mimi nitamfuata. Kama hilo halikuridhishi, ni bora tuelewane leo kabla hatujaanza."

Mkabala huo una historia inayojulikana. Virginia Axline, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya kazi pamoja na Carl Rogers, aliuchukua mtazamo wa Rogers wa kumweka mhudumiwa katikati ya tiba na kuupeleka kwa watoto, na mwaka 1947 akachapisha kanuni 8 ambazo hadi leo ndizo msingi wa kazi hii. Zinamtaka mtaalamu ajenge mapema uhusiano wenye upendo na mtoto, ampokee jinsi alivyo, amwachie uhuru wa kuonyesha hisia zake zote, azitambue hisia hizo na kumrudishia kwa maneno ili azielewe, auheshimu uwezo wake wa kutatua mambo yake mwenyewe, asimwelekeze katika matendo wala mazungumzo, asiiharakishe tiba, na aweke mipaka ile tu inayohitajika ili mtoto abaki salama na ajue wajibu wake katika uhusiano huo. Baadaye Garry Landreth wa Chuo Kikuu cha North Texas aliuendeleza mkabala huu na kuufanya ufundishike hatua kwa hatua.

Zipo njia nyingine zinazoheshimika, na mtaalamu wetu hakuzibeza. Susan Knell aliunganisha michezo na tiba inayoshughulikia fikra na tabia, ambapo mtaalamu hupanga shabaha na kumfundisha mtoto stadi mahususi kupitia vikaragosi na hadithi. Na Theraplay, iliyoanzia Chicago katika miaka ya 1960, humpa mtu mzima uongozi wa mchezo ili kuimarisha mshikamano wa mtoto na mlezi. Anachokataa ni kumfanyia mtoto mmoja, katika chumba kimoja, njia inayompa uongozi Jumanne hii na njia inayompokonya uongozi huo Jumanne ijayo, kwa sababu tu mtu mzima fulani ameingiwa na wasiwasi.

Wasiwasi huo ninaufahamu. Kanuni ya kutoharakisha ndiyo inayowashinda wengi wetu, hasa pale tunapolipa fedha kwa kila kikao na jirani anatuuliza kama kuna mabadiliko. Katika wiki za mwanzo tulielezwa kwa jumla tu kwamba mtoto anaingia kwa hiari yake, anachagua vitu mwenyewe, na hajasema neno. Mama yangu, ambaye ndiye bibi wa mtoto na mara nyingine ndiye aliyempeleka, hakuridhika na akauliza waziwazi mjukuu wake anafanya nini mle ndani kwa dakika zote 45. Mtaalamu alimwamkia, akaketi naye kwenye benchi, akamwambia: "Bibi, yanayotokea mle ni yake. Siku atakapotaka kukusimulia, atakusimulia kwa mdomo wake. Mimi nitakueleza anavyoendelea kwa jumla, na likitokea jambo la kuhatarisha usalama wake sitalificha hata kidogo." Alitukumbusha pia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa aziripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na kwamba usiri wa chumba chake hauwezi kuvuka hapo. Bibi alitoka pale ameheshimiwa na amejibiwa, ingawa hakupata alichokiomba, na nadhani namna hiyo ya kukataa kwa adabu ni sehemu ya ustadi wa kazi yenyewe.

Shinikizo la pili lilitoka shuleni. Mwalimu wa darasa aliandika barua ya kuomba mtoto afanyishwe mazoezi ya kuitikia mahudhurio. Mtaalamu hakuliingiza ombi hilo chumbani, lakini hakulipuuza pia: kwa idhini yetu alimpigia simu mwalimu, akamshauri asimlazimishe mtoto kusema, akubali aitikie kwa kuinua mkono, asimwadhibu kwa ukimya wake, na siku atakaposema chochote asimgeuze kuwa tamasha la darasa. Kwa hiyo anayedhani kwamba kumfuata mtoto maana yake ni kukaa kimya na kuiacha dunia ya nje kama ilivyo, hajaielewa kazi hii; mtaalamu huyu anafanya mengi kwa ajili ya mtoto nje ya kile chumba, na ndani yake anabaki yule aliyeahidi kuwa.

Wenzangu walimu watashangaa kusikia kwamba hata sifa hutolewa kwa uangalifu mkubwa. Sisi tumezoea kusema "mpigieni makofi" kila mtoto anapopatia, na tunafanya hivyo kwa nia njema. Mle ndani mtoto akimaliza kuchora haambiwi kwamba amechora vizuri, kwa sababu anayesifiwa kwa kupatia hujifunza pia kuogopa kukosea, na huanza kuchora kinachompendeza mtu mzima. Huambiwa kile kilichoonekana: kwamba amekaa na mchoro wake muda mrefu, kwamba ametumia rangi nyingi, kwamba anaonekana kuufurahia. Vivyo hivyo, mtaalamu hakiiti kitu jina kabla mtoto hajakiita, kwa maana kipande cha mbao ambacho yeye anaona ni mtumbwi huenda kwa mtoto ni kitanda cha wodini au jeneza. Akiulizwa kitu fulani ni nini au kifanyweje, hurudisha uamuzi kwa mtoto kwa maneno mafupi: "Humu ndani unaweza kuamua mwenyewe."

Sasa nifike kwenye vifaa, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona kwamba kushikamana na mkabala hakumzuii mtu kuufanya uishi Kigoma. Landreth aliweka vifaa vya chumba cha michezo katika makundi 3: vya maisha halisi, vya kutolea hasira na ukali, na vya ubunifu na kuachia hisia. Chumba cha Mwanga kina makundi yote, lakini karibu kila kitu kimetengenezwa na mafundi wa hapahapa. Nyumba ya wanasesere ina ua, jiko la nje na choo kando, badala ya ile ya ghorofa yenye bafu ndani ambayo watoto wengi wa Gungu au Buzebazeba hawajaishi humo. Wanasesere ni wa vitambaa, wa rangi ya ngozi zetu, na miongoni mwao wamo bibi aliyejifunga khanga, mzee mwenye bakora na mama mwenye mtoto mgongoni. Kuna mitumbwi ya mbao yenye taa za kuvulia dagaa, wavu mdogo, vikapu, mizani ya sokoni na noti za karatasi. Kuna mkoba wa daktari wenye bomba lisilo na sindano, kuna beseni pana la mchanga, udongo wa mfinyanzi, kalamu za rangi na mkeka mkubwa badala ya zulia. Mahali pa lile dude la plastiki linalopigwa na kuinuka tena, ambalo hupatikana katika vyumba vya Marekani, limewekwa gunia refu lililojazwa sufi, ambalo mtoto anaweza kulipiga, kulikumbatia au kulilalia.

Niliuliza kama mabadiliko yote hayo hayauvunji mkabala. Jibu lilikuwa kwamba mkabala unataka vifaa ambavyo mtoto anaweza kuisimulia dunia yake kwavyo, wala haukuamuru dunia hiyo iwe ya Texas. Kinachopimwa ni kama kila kundi la hisia lina kifaa cha kulibeba, kama vitu vinakaa mahali palepale kila wiki ili mtoto avikute alivyovizoea, na kama hakuna kifaa kinachomwelekeza kwenye jibu moja. Ndiyo sababu hakuna michezo ya kompyuta wala mafumbo ya kupanga picha yenye jibu lililokwisha wekwa.

Kifaa kimoja kilileta mjadala mrefu zaidi, nacho ni bunduki ya kuchezea. Orodha za mkabala huu huijumuisha, kwa hoja kwamba mtoto aliyeogofywa anahitaji mahali salama pa kuigiza nguvu na kutisha. Lakini mkoa wetu umepokea watu wanaokimbia vita vya Burundi na Kongo kwa miongo mingi, kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu mwaka 1996, na baadhi ya watoto wanaoletwa kituoni wanatoka katika familia zilizopita katika mambo hayo. Wazazi kadhaa walipinga kuiona bunduki ya mbao kwenye rafu. Mtaalamu hakuiondoa siku ileile ili kuwatuliza, wala hakuing'ang'ania kwa sababu tu imo katika orodha. Alilipeleka suala kwa msimamizi wake wa kitaaluma, wakaamua waweke kisu cha mpira, kamba na vijiti ambavyo mtoto anaweza kuvigeuza silaha au kitu kingine chochote anachotaka, na sababu za uamuzi huo zikaandikwa katika faili la kituo pamoja na tarehe ya kuupitia upya. Huo ndio mfano bora nilioushuhudia wa uaminifu kwa mkabala: badiliko lilifanywa na mtu anayejua kazi ya kile alichokiondoa, akahakikisha kazi hiyo haikuachwa bila mbebaji, na akakubali kuulizwa.

Usimamizi huo wa kitaaluma unastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu mzazi wa kawaida hauoni. Kwa idhini ya maandishi ya mlezi, baadhi ya vikao hurekodiwa kwa kamera iliyo wazi, mtoto akijulishwa, na msimamizi aliye nje ya mkoa huvitazama na kupima majibu ya mtaalamu kimoja baada ya kingine: mara ngapi ameeleza tendo la mtoto bila kulihukumu, mara ngapi amerudisha hisia, mara ngapi amerudisha uamuzi kwa mtoto, na mara ngapi ameteleza akauliza swali, akafundisha au akasifu. Orodha za namna hii zipo katika mkabala huu, na Dee Ray wa chuo kilekile cha Texas ni miongoni mwa walioziandaa. Nilipohoji usalama wa picha hizo nilielezwa zinahifadhiwa wapi na zinafutwa lini, jambo ambalo kila kituo kinapaswa kuwa tayari kulieleza tangu ilipopitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kasoro kubwa ya huduma hii ilijitokeza pale mtaalamu mkuu alipokuwa likizo. Kituo kiliona ni heri vikao visikatike, kikamweka kijana mwingine mwenye mafunzo ya unasihi, mtu mpole na mwenye kupenda watoto. Yeye alimketisha binti yetu mezani, akamtolea kadi za nyuso zenye hisia mbalimbali, akamwomba aonyeshe uso wa siku alipofiwa, na akamwahidi pipi kwa kila jibu. Kadi hizo zina mahali pake katika njia iliyopangwa kwa namna hiyo tangu mwanzo, yenye tathmini, shabaha na mlezi aliyeelezwa. Lakini kwa mtoto aliyekuwa ameahidiwa kwamba ndani ya mlango ule hakuna atakayemhoji, ahadi ilivunjwa bila yeye kupewa sababu. Wiki iliyofuata alishika nguzo ya baraza na kukataa kuingia, na hata mtaalamu mkuu aliporudi, muda ulipita kabla mtoto hajauacha mkono wangu mlangoni.

Nililalamika, na namna malalamiko yalivyopokelewa inaongeza alama za kituo hiki. Uongozi ulinisikiliza bila kujitetea, ukakiri kwamba ulijali zaidi kutokatika kwa vikao kuliko kutokatika kwa njia, na ukabadilisha utaratibu: mtaalamu akiwa hayupo kikao hakifanyiki, mtoto huambiwa wiki kadhaa kabla na huonyeshwa kwenye kalenda siku watakayokutana tena. Yule kijana ameanza kufunzwa chini ya usimamizi uleule. Hata hivyo kituo chenye mtaalamu mmoja tu wa mkabala huu kinabaki dhaifu, kwa maana akiugua au akihama huduma yote inasimama.

Uzito ninaoupa jambo hili una sababu nyingine, nayo ni ushahidi. Sue Bratton na wenzake mwaka 2005 walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 93 za tiba kwa michezo zenye makundi ya kulinganishia, wakapata wastani wa athari wa 0.80, kiwango kinachohesabiwa kuwa kikubwa katika tafiti za aina hii. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2015, uliochukua tafiti 52 za mkabala wa mtoto kuongoza peke yake na kutumia vigezo vikali zaidi, ulipata 0.47, ambacho ni kiwango cha kati. Namba hizi zote mbili zinatia moyo, na ninaitaja ya pili kwa makusudi kwa kuwa wapo wanaoitangaza ya kwanza tu. Lakini ni za watu waliofanya kitu fulani kinachojulikana kwa namna inayojulikana. Anayechanganya kucheza, kuhoji, kuhubiri na kugawa pipi huenda anawasaidia watoto, au hawasaidii. Vyovyote iwavyo, hawezi kuziazima namba hizo na kuzibandika kwenye mlango wake.

Wapo watakaosema kwamba uangalifu wa namna hii ni anasa ya nchi tajiri. Nawakumbusha utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika Moshi na Bungoma nchini Kenya kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi. Njia iliyotumika ilikuwa nyingine, ile ya kushughulikia fikra na tabia kwa watoto waliopatwa na kiwewe, na waliowahudumia walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo wasio wanasaikolojia, waliofunzwa na kusimamiwa kila wiki ili wasiiache njia. Kwa hiyo usimamizi wa karibu unawezekana hapa nchini, na palipo na upungufu wa wataalamu ndipo unapohitajika zaidi. Wala tusiichanganye tiba hii na maeneo rafiki kwa watoto yanayoendeshwa kambini na kwingineko, ambako watoto hucheza pamoja, huimba na kuangaliwa. Hiyo ni kazi njema sana ya malezi na ulinzi, yenye shabaha yake.

Sehemu nyingine ninayoisifu ni kozi ya walezi. Bernard Guerney na mkewe Louise waliianzisha fikra hii katika miaka ya 1960, kwamba mzazi mwenyewe anaweza kufunzwa stadi za mtaalamu, na Landreth akaifupisha kuwa vipindi 10. Mlezi hujifunza kufanya mchezo wa dakika 30 nyumbani mara moja kwa wiki, wakati uleule, mahali palepale, na mfuko wa vifaa usiotumika siku nyingine. Katika ule uchambuzi wa mwaka 2005, tiba iliyotolewa na wazazi waliofunzwa hivyo ilipata athari kubwa zaidi kuliko iliyotolewa na wataalamu, 1.15 dhidi ya 0.72, na hilo lapaswa kuwapa moyo wazazi wanaoishi mbali, kule Uvinza au Kalya, wasioweza kuja mjini kila wiki.

Katika kozi hiyo ndipo tulipojifunza mipaka. Mtaalamu alituigizia mtoto anayemrushia mchanga, kisha akajibu kwa sauti isiyopanda: "Naona umenikasirikia sana. Mimi si wa kurushiwa mchanga. Ukitaka kuurusha, urushie lile gunia." Kwanza hisia inatambuliwa, pili mpaka unatajwa, tatu mtoto anapewa njia nyingine ya kuitoa hisia ileile, na akiendelea, huelezwa kwamba akichagua kurusha tena atakuwa amechagua kutocheza na mchanga kwa siku hiyo. Hakuna kufokewa wala kuambiwa "mtoto mzuri hafanyi hivyo". Baba mmoja aliuliza kama huko si kumdekeza mtoto, akajibiwa kwamba mpaka upo na haukulegezwa, ila umewekwa bila kumwaibisha. Nilipoona wanaume wa Kibirizi wakifanya mazoezi ya sentensi hizo wawili wawili, kwa bidii na bila kuoneana haya, niliamini kwamba kozi hii ingefaa kupelekwa kwenye shule zetu.

Kuhusu jengo nitasema kwa ufupi. Paa ni la mabati bila dari, na mvua ya masika ikinyesha mtaalamu na mtoto hawasikilizani. Benchi la wanaosubiri liko karibu mno na mlango wa chumba, kiasi kwamba mlezi husikia asichopaswa kusikia. Na fomu ya idhini, ingawa iko katika Kiswahili, imejaa lugha ya kisheria ambayo bibi wa mtoto hakuielewa mpaka nilipomfafanulia. Bima yangu haikuilipia huduma hii na ada yake ni nzito kwa mshahara wa mwalimu, ingawa kituo huipunguza kwa familia zinazoletwa na ustawi wa jamii. Muda unaheshimiwa: kikao huanza saa iliyopangwa, mtoto hujulishwa zinapobaki dakika 5, na hakirefushwi hata kama mchezo umenoga.

Mtoto wetu sasa anaitikia jina lake darasani kwa sauti ndogo, na ana rafiki mmoja ambaye huzungumza naye mapumziko yote. Siwezi kuipa tiba peke yake sifa yote, maana mwalimu wake alibadilika, bibi yake alipunguza kumsukuma, na muda nao umepita. Ninachoweza kukithibitisha ni kwamba mahali pa kwanza nje ya nyumbani alipotoa sauti yake palikuwa chumba kile, na kwamba hakuna aliyemwomba aitoe.

Ninampendekeza mtaalamu huyu bila kusita kwa mtoto aliyefiwa, aliyehama ghafla, mwenye hofu au mwenye hasira isiyoeleweka. Kwa mtoto mwenye dalili za ugonjwa wa mwili, degedege au ucheleweshaji wa ukuaji, aanze kwanza kwa daktari, Maweni au kwingineko. Kwa uongozi wa kituo nimeomba kwa maandishi jambo moja ambalo bado halijatekelezwa: ubaoni mapokezi ibandikwe karatasi inayomtaja kila mtoa huduma, mkabala aliofunzwa, na anayemsimamia, ili mzazi ajue kabla ya kulipa ni njia gani mtoto wake atapitishwa na nani ataulizwa ikiachwa.